Barua Zenu za Ushirika: Kikundi kimekua, tugeuke SACCOS?

Mwezi huu barua karibu zote ni fursa, fursa, fursa, kuna mmoja kaliandika hilo neno mara nane kwenye meseji moja mpaka nikacheka peke yangu kwenye daladala. Nimechukua tatu, na ya kwanza, ya kikundi cha kuweka na kukopeshana (VICOBA) kinachojiuliza kama kigeuke chama cha ushirika cha akiba na mikopo (SACCOS), nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wanaouliza swali hilo ni wengi mno.

Dada, habari za kazi. Sisi ni kina mama 27 wa Mbagala, VICOBA yetu inaingia mwaka wa tano, tunakutana kila Jumamosi saa kumi barazani kwa mwenzetu, hisa ni 2,000 na mwisho hisa tano kwa wiki. Sasa kuna mwenzetu kasikia ukiwa SACCOS ndo unapata mikopo ya benki na ile ya halmashauri, anasema VICOBA imepitwa na wakati. Wengine wanaogopa, wanasema hela ikiingia huko haitoki. Kikundi kimegawanyika pande mbili, na hizo pande hazisalimiani. Tufanyeje? (Mweka hazina, Mbagala)

Mweka hazina, hongera kwanza, mwaka wa tano na sanduku bado lipo si mchezo. Hao wanaosema hela haitoki hawajakosea sana, ni vile tu hawajaeleza vizuri. VICOBA mwisho wa mzunguko mnavunja, kila mtu anaondoka na chake, Januari mnaanza upya. SACCOS haivunjwi Desemba. Hisa zako zinabaki mule ndani maana ndo mtaji wa chama, unachoweza kuchukua ni akiba zako na kwa utaratibu wake, na kama una mkopo au umemdhamini mtu unasubiri kwanza. Sasa jiulizeni nyie kina mama, ile hela ya kuvunja inafanya kazi gani? Kama ndo ada, sare na bati za chumba cha nyuma, basi siku mkigeuka SACCOS Januari itawakuta mnatazamana.

Halafu nani kasema VICOBA imepitwa na wakati? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeweka madaraja manne, SACCOS wako la tatu na vikundi kama chenu wako la nne, kwa hiyo mnatambulika kabisa, ila lazima msajiliwe halmashauri, na njia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kama hamjasajiliwa hilo ndo la kufanya Jumatatu, mengine yote yasubiri.

SACCOS nayo kwa idadi mnatosha, sheria ya ushirika ya 2013 inataka watu 20 na kuendelea. Shida si idadi. Shida ni leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, masharti ya chama, bodi, kamati ya usimamizi, vitabu vinavyokaguliwa, na mtu wa kukaa ofisini ambaye mwisho wa mwezi anataka mshahara. Hisa za elfu mbili mbili za watu 27 zitamlipa nani? Mi binafsi nisingesajili SACCOS ya watu 27. Ningefanya hivi: VICOBA iendelee kama ilivyo, na wale wenye biashara zilizokua wakajiunge mmoja mmoja na SACCOS ambayo ipo tayari na inafanya vizuri, au mkae na vikundi jirani vitatu vinne mpime kama mnaweza kuungana. Na hizo pande mbili zisizosalimiana, kila upande utakuwa umepata chake.

Kuhusu mkopo wa halmashauri, hapo mwenzenu kawapotosha, hauhitaji SACCOS kabisa. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, 4-4-2 kama timu ya mpira, wababa wa makamo wako benchi. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na hela zisizorudi, mwaka uliofuata ukarudi na uhakiki mkali zaidi, kwa hiyo msishangae mkiulizwa maswali mengi. Ni mkopo wa mradi, sio wa kugawana. Mkishaupata mkakata mafungu 27 kila mtu akaenda na lake, nawaambia mapema, kurejesha itakuwa vita.

Niliwahi kukaa na afisa mmoja wa kata akipitia mafaili ya maombi, meza imejaa, feni haifanyi kazi. Akanionyesha maandiko ya mradi ya vikundi vitatu tofauti yaliyochapwa na steshenari moja, yote ufugaji wa kuku wa mayai, neno kwa neno, mpaka kosa la kuandika "chanjo" ni lile lile, na kikundi kimoja kati ya hivyo wanachama wake wanauza samaki wa kukaanga. Akayasogeza pembeni. Halafu akatoa kaunta buku moja, jalada lina doa la mafuta, ndani mihtasari ya kila wiki, nani kachelewa kapigwa faini ya mia tano, nani kakopa, nani karudisha lini, saini na dole gumba. Akaniambia hawa nitaenda kuwatembelea. Kwa hiyo hilo daftari lenu la Jumamosi litunzeni kuliko hata sanduku.

Na mkifungua akaunti ya benki msiache ule utaratibu wa sanduku, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Wekeni saini tatu benki, na asiwe mtu na wifi yake.

Shikamoo dada. Mi kijana wa Newala, miaka 24. Baba ndo mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, sisi ni wa korosho, ila miguu inamsumbua, kwa hiyo kupalilia mimi, kupuliza salfa mimi, kuokota mimi, kupeleka ghalani mimi, lakini hela inaingia akaunti ya mzee na mkutanoni nikinyoosha mkono naambiwa waongee wanachama. Sasa kuna jamaa wa kangomba, wale wanaonunua kichochoro bila kupitia ushirika, anataka korosho zetu mapema kwa keshi. Nimuuzie? Na kwenye huu ushirika vijana tuna fursa gani?

Marahaba mdogo wangu. Kangomba achana naye, kwanza hairuhusiwi, pili yule anapima kwa bakuli lake na bei ni ya shida zako, mnada ukifunguliwa korosho hizo hizo anapeleka yeye ghalani kwa jina lake, stakabadhi ya ghala yake, hela yake. We utabaki unamhesabia.

Kuhusu mkutano, waliokunyamazisha wana haki kwa masharti ya chama ila dawa ipo. Uanachama ni wa mtu, haurithiwi mzee akiwa hai. Una zaidi ya miaka 18, kaa na mzee taratibu jioni akiwa ametulia, mwombe akupe kipande, hata mikorosho thelathini, iandikwe na mwenyekiti wa kijiji ashuhudie, kisha nenda AMCOS ulipe kiingilio na hisa, na ujiandikishe kwenye daftari la wakulima ili pembejeo za ruzuku zije kwa jina lako. Ushirika ni mwanachama mmoja kura moja, mwenye mikorosho thelathini na mwenye ekari hamsini mnanyoosha mkono mmoja mmoja. Ukishaingia uliza makato, kila shilingi inayokatwa kwenye kilo inaenda kwa nani. Hilo swali vijana mnaliulizia vijiweni, wakati mahali pake ni mkutano mkuu.

Fursa nyingine ambayo watu hawaioni, vyama vinatafuta watu wanaojua hesabu. Makarani, watunza ghala, mameneja. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho kilianza 1963 kama chuo cha ushirika na kikawa chuo kikuu kamili 2014, kina kozi za ngazi ya cheti na diploma, sio digrii tu, na kina tawi Kizumbi, Shinyanga. Halafu tangu Aprili 2025 kuna Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma, vyama vyenyewe vina hisa mule, muulize katibu wa AMCOS yenu kama mmenunua. Akikutolea macho, ujue.

Anti, nimetumiwa meseji nilipe 35,000 kwa namba ya simu niingizwe kwenye maonyesho ya ushirika na mkopo wa milioni tano papo hapo. Nalipa wapi? Natengeneza siagi ya karanga, Morogoro.

Hulipi popote! Malipo ya serikali yanaenda kwa kontrol namba, hayaendi kwenye simu ya mtu anayeitwa "Afisa". Mkopo wa milioni tano papo hapo kutoka kwa mtu asiyekujua haupo, futa hiyo meseji.

Tarehe za maonyesho zenyewe si siri. Siku ya Ushirika Duniani ni Jumamosi ya kwanza ya Julai kila mwaka, Nane Nane inajulikana, tena nyie Morogoro mna viwanja vyenu, na Alhamisi ya tatu ya Oktoba ni siku ya vyama vya akiba na mikopo. Anza kwa afisa ushirika wa halmashauri mapema, Mei hivi, umuulize kama mnaweza kukaa wajasiriamali watatu banda moja, maana la peke yako litakumaliza. Kabla ya hapo pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanakupa barua ya utambulisho ya kwenda nayo TBS, shirika la viwango linalotoa alama ya ubora, kwa sababu mwaka jana nilimwona mama mmoja bandani ana asali nzuri kweli, mnunuzi wa supamaketi kaonja mara mbili, kageuza chupa kutafuta alama na tarehe ya kuisha, hakuna, kaiweka chini akaenda zake. Chukua makopo madogo ya kuonjesha, vijiko, na namba yako ya simu iwe kwenye lebo, sio kwenye kikaratasi.