Mleta mada, usichapishe hizo kadi za Hollywood, anza kwa kufuta namba 1

Mkuu, usichapishe. Hizo kadi usizipeleke kwa mtu wa stesheni leo wala kesho mpaka umalize kusoma hapa. Umesema unaandaa usiku wa chemsha bongo ya filamu za zamani za Hollywood, kuna kiingilio, kuna zawadi ya hela taslimu, na ukatuwekea maswali kumi ya mfano kutoka kwenye lile faili la "maswali 500 na majibu yake" linalouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Namba 1 inauliza "mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar ni nani" na jibu umeweka Sidney Poitier. Hilo swali nalijua. Neno kwa neno, ndilo lililonitoa laki tano mfukoni na kunifungia mlango wa ukumbi niliokuwa naujaza kila mwezi.

Jibu ni Hattie McDaniel. Sherehe ilikuwa tarehe 29 Februari 1940, tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, kwa nafasi ya Mammy kwenye Gone with the Wind ya 1939. Poitier alipata yake Aprili 1964 kwa Lilies of the Field. Miaka 24 imepita hapo katikati mkuu! Hata mtu aliyechanganya tarehe hafiki huko.

Kwangu ilikuwa hivi. Raundi ya mwisho, meza mbili zimekabana, nimesoma swali, nimekusanya karatasi. Meza moja wameandika Poitier. Meza ya pili aliyekuwa anaandika ni mama mmoja mtu mzima, mwandiko umelala vizuri ule wa shule za zamani, "Hattie McDaniel, 1940", mpaka spelingi iko sawa. Nikaangalia kadi, kadi inasema Poitier, nikapiga mkasi kwa peni nyekundu, nikatangaza washindi na bahasha nikakabidhi palepale. Yule mama hakupiga kelele. Alisubiri makofi yaishe akaomba maiki, akaanza kueleza taratibu kabisa kwamba sherehe ya mwaka ule ilifanyika kwenye ukumbi wa Cocoanut Grove, ndani ya hoteli ya Ambassador huko Los Angeles, hoteli ambayo watu weusi hawakuruhusiwa kuingia, na prodyuza David O. Selznick ilibidi aombe Hattie aruhusiwe. Aliporuhusiwa akakalishwa kwenye meza ndogo pembeni ukutani, mbali na wenzake wa filamu hiyohiyo. Na Desemba ya nyuma yake, filamu ilipozinduliwa Atlanta, hakuwepo kabisa, maana sheria za ubaguzi za kule zisingemruhusu kukaa na wenzake weupe. Na usiku ule wa tuzo hakupewa hata ile sanamu tunayoijua, waigizaji wasaidizi wakati ule walikuwa wanapewa kibao cha tuzo (plaque). Chuo Kikuu cha Howard ndiko kibao chake kilikopelekwa kikaja kupotea, na Academy, wale wanaotoa Oscar, imewapa kingine 2023.

Anamaliza tu, kijana mmoja keshafungua tovuti ya Academy kwenye simu, simu ikaanza kupita meza hadi meza. Kwisha habari yangu. Waliopewa bahasha wakasema hawarudishi, na kusema kweli wana haki maana nimewatangaza mwenyewe. Meza ya yule mama nayo ina haki yake. Nikalipa mara mbili. Mwenye ukumbi akaniambia "tupumzike kidogo kwanza" na mpaka leo hajanipigia.

Hela zinatafutwa. Linaloniuma zaidi ni kwamba yule dada wa watu walimtenga ukutani 1940, halafu na sisi huku tunakuja kumfuta jina lake kwa kadi iliyochapwa rangi! Tena yeye siyo jina dogo la kusema limejificha, huwezi kuisimulia historia ya Oscar ukamruka.

Sasa huyo muuza faili. Nilimwandikia usiku uleule, nikamtumia na picha ya ukurasa wa Academy. Akanijibu "kaka mbona wenzako hawajalalamika", nilipomuuliza filamu ngapi kati ya hizo amezitazama akaniblock. Mtu anachota huku na huku, anabandika, anaongeza maua pembeni ya ukurasa, anauza elfu kumi na tano. Ni sawa na fundi anayekuuzia mita ya umeme wakati hajawahi kushika bisibisi. Na kinachonichoma ni kwamba bado anauza, na toleo lako wewe ni hilohilo, hajabadilisha hata nukta. Halafu watu wanakuja humu kumpigia debe eti "faili liko vizuri sana". Vizuri wapi?

Na usije ukadhani unalirekebisha kwa kuandika "mwanaume mweusi wa kwanza kushinda Oscar", hapo ndo unaingia shimo la pili. James Baskett alipewa Oscar ya heshima Machi 1948 kwa nafasi ya Uncle Remus kwenye Song of the South, na aliyemkabidhi ni Ingrid Bergman. Akitokea mtu mmoja tu anayelijua hilo, ugomvi umeanza upya. Andika hivi: "Ni mwigizaji gani mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mwigizaji bora wa kiume katika nafasi kuu, na kwa filamu gani?" Hapo ni Poitier peke yake na hakuna wa kukubishia. Poitier ni mtu wetu pia, alikuja Kenya kupiga Something of Value, filamu ya 1957 kuhusu Mau Mau, na 1959 yeye na Harry Belafonte na Jackie Robinson walitia saini barua ya kuchangisha nauli za wanafunzi wa Kenya waliokuwa wanakwenda kusoma Marekani. Hilo lingekuwa swali zuri zaidi ya hilo la kwako.

Kwa hiyo sheria ni moja, na mimi siivunji hata kwa bunduki: swali halisomwi ukumbini kama jibu lake hujaliona kwa macho yako, ama kwenye filamu yenyewe ama kwenye orodha ya Academy. Hiyo orodha iko wazi mtandaoni, bure, ina kila tuzo tangu sherehe ya kwanza ya 1929. Filamu nayo unaitafuta unaitazama. Kama huna muda wa kuitazama, swali lake liache.

Namba 3 yako ndo mfano. Umeuliza nani alisema "Play it again, Sam" kwenye Casablanca, jibu Humphrey Bogart. Hakuna mtu anayesema hivyo kwenye ile filamu, tangu mwanzo hadi mwisho. Anayemwambia Sam, yule mpiga piano wa kwenye filamu, apige ni Ingrid Bergman, anamwomba apige mara moja tu kwa ajili ya siku za zamani, halafu anautaja wimbo wenyewe, As Time Goes By. Bogart anakuja baadaye usiku, glasi iko mezani, anamwambia kama umempigia yeye unaweza kunipigia na mimi, kisha "ipige". Neno "tena" halimo. Itazame, haifiki hata masaa mawili. Na ukishaitazama una swali jingine la bure: Dooley Wilson aliyecheza Sam alikuwa mpiga ngoma, piano hakuijua, mikono inayosikika ni ya mtu mwingine.

Namba 4, hiyohiyo Casablanca, umeuliza "ni ya mwaka gani", jibu 1943. Ilizinduliwa New York tarehe 26 Novemba 1942, ikasambazwa Januari 1943, na Oscar ya filamu bora ikaipata kwenye sherehe ya Machi 1944. Meza tatu zitaleta majibu matatu na zote zitakuwa na cha kushikilia. Kwenye Oscar kila mara sema kama unataka mwaka wa filamu au mwaka wa sherehe.

Namba 6 ndo imenishangaza zaidi, kwa sababu hii ni ya kwetu kabisa. The African Queen "ilipigwa Tanganyika". Hapana! Hadithi ndiyo iko Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa vita vya kwanza, na ile meli ya Kijerumani ya kwenye filamu imetokana na Graf von Götzen, ambayo ndiyo MV Liemba ya Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 na Waingereza wakaiibua 1924. Lakini kamera zilikuwa Kongo ya Wabelgiji kwenye mto Ruiki, na Uganda pale Butiaba na maporomoko ya Murchison. Pale Bogart na Katharine Hepburn wanapoingia majini ni tangi la studio huko London, maji ya huku waliyaogopa kwa magonjwa. Ukimsomea mtu wa Kigoma hilo swali na jibu ulilonalo utakoma. Kama unaitaka Tanganyika kweli chukua Hatari! ya 1962, John Wayne, pale Momella, Arusha.

Namba 8, Katharine Hepburn na Audrey Hepburn siyo ndugu, lifute lote. Namba 9, Johnny Weissmuller kwenye Tarzan ya 1932 hasemi ile "Me Tarzan, you Jane", anagonga kifua anataja jina lake, anamgonga Jane anataja lake, basi. Pia ilipigwa California na tembo wake ni wa Kihindi waliovishwa masikio ya bandia ili wafanane na wa huku, hilo ndo uliza, watu watafurahi sana.

Mambo ya projekta na kiingilio kiwe bei gani wadau wengine watakuja kukujibu.

Namba 10 nusura niisahau. Faili linasema kuna dereva alikufa kwenye mbio za magari ya farasi wakati wa kupiga Ben-Hur ya 1959. Hakufa mtu. Joe Canutt, stantimani aliyeendesha badala ya mwigizaji mkuu, alirushwa juu ya gari lake akatoka na jeraha la kidevuni, na kile kipande kimeachwa kwenye filamu, kipo mpaka leo ukiitazama utakiona. Futa hilo, andika la Canutt, halafu leta kumi mpya hapahapa tuzipitie kabla hujalipia uchapaji.