Zilivyoifikia Kilindini

Mwanangu,

Waniuliza kama kweli ndege za Wajapani zilifika Mombasa wakati wa vita, kama alivyosimulia babu yako. Hazikufika. Lakini niache nikwambie zilivyoitikisa Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, bila kuiona.

Ndege yenyewe ni Aichi D3A, ambayo Washirika waliiita Val. Iliruka mara ya kwanza 1938. Ukiiona pichani huiogopi: magurudumu yako nje hata ikiwa angani, watu wawili ndani, bomu la kilo 250 tumboni. Ubaya wake ulikuwa kwenye mbizi. Hupanda juu sana, kisha hushuka kichwa chini kama mwewe, rubani ameielekeza ndege nzima kwenye meli, ndipo aachie bomu na kuinuka.

Tarehe 5 Aprili 1942, kusini-magharibi mwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, zilizizamisha manowari mbili za Waingereza, Dorsetshire na Cornwall. Walikufa watu 424, na walionusurika walikaa majini mpaka kesho yake. Siku nne baadaye ikazama Hermes, manowari ya kubeba ndege, nayo haina ndege hata moja! Zilikuwa zimebaki nchi kavu. Wiki hiyohiyo Admirali Somerville, mkuu wa manowari za Waingereza katika Bahari ya Hindi, akaziondoa manowari zake kongwe, akazituma Kilindini. Hata wale waliokuwa wakinasa na kufumbua siri za redio za Wajapani walihamishiwa Mombasa, shule ya Allidina Visram. Waipita kila ukienda kwa shangazi yako.

Bahari ni moja, mwanangu. Nimekwambia tangu u mdogo.

Nililisema hilo darasani, na kwamba baba yangu alizipakulia meli hizo. Mwalimu wa historia akacheka mbele ya wenzangu: "Kuli ajua nini habari za Wajapani?" Darasa zima likacheka naye. Nilirudi nyumbani nikamkuta babu yako barazani na kahawa yake. Akaniuliza tumesoma nini, nikasema hesabu. Mtu yule ameiona vita kwa macho yake, ameibeba mabegani, halafu achekwe na msomaji wa kitabu! Mpaka leo damu yanichemka.

Babu alishikilia kwamba Waingereza walikimbia. Mimi nasema meli zile zilikuwa za polepole, na zingebaki Ceylon zingeifuata Hermes. Kuziokoa ni akili. Lakini hao hao ndio waliotutawala kwa kutuambia wanatulinda, kisha wakaja kujificha kwetu. Kujificha? Au kujipanga? Kilindini ilikuwa bandari ya kina, nayo ilikuwa mbali na zile ndege. Nikimkumbuka mzee, ulimi wataka kusema walikimbia. Bado sijasema. Bahari ni moja, na aliyesogea upande huu hakutoka vitani.

Muulize na shangazi yako, yeye alimsikiliza babu kuliko sisi sote. Ukija Idi utuambie alivyokujibu.

Babako