Maswali ya wasomaji: NP na CRNA kwa mtu mmoja

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa) hapa Marekani, na nina miaka miwili ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Nataka kuwa NP wa familia, yaani muuguzi mwenye ruhusa ya kuchunguza wagonjwa na kuwaandikia dawa, na pia CRNA, muuguzi anayetoa dawa ya usingizi kwenye upasuaji. Naweza kusoma yote kwa mkupuo mmoja? Kama haiwezekani, nianze na lipi?

JIBU: Anza na CRNA. Hizi ni kazi mbili zinazotambuliwa kila moja peke yake, kwa mafunzo yake, mtihani wake wa taifa na leseni yake. Hata ukizisomea chuo kimoja, saa za vitendo za moja hazilipi deni la nyingine.

Tunashauri uanze na CRNA kwa sababu mlango wake ni mwembamba na haukusubiri. Masharti ya chini ni mwaka mmoja wa kazi ya muda wote ICU, lakini ushindani ni mkali, na vyuo vinataka uzoefu wa karibuni: wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia, wenye mrija wa kupima presha ndani ya mshipa, wanaotundikiwa dawa za kupandisha presha ambazo wewe mwenyewe unaziongeza na kuzipunguza. Ukiondoka ICU miaka mitatu kusomea NP na kufanya kazi kliniki, uzoefu huo unachakaa, na wengi huishia kurudi wodini ili waombe nafasi upya.

Pia pima muda. Tangu Januari 2022 kila anayeanza CRNA huingia moja kwa moja kwenye masomo ya uzamivu, yasiyopungua miezi 36. Ndani yake kuna saa 2,000 za vitendo na wagonjwa 600 wa usingizi kwa uchache. Wiki inaweza kufika saa 64 za darasa, hospitali na kujisomea, kwa hiyo usipange kuishi kwa mshahara katika miaka hiyo. Weka akiba kwanza. NP, kinyume chake, husomwa hata jioni huku unafanya kazi.

Ukishahitimu CRNA, omba cheti cha NP cha baada ya shahada, wala usirudie shahada nzima. Chuo kitalinganisha masomo yako na mtaala wake. Matatu ndiyo yenye matumaini ya kukubaliwa: patofisiolojia (jinsi ugonjwa unavyovuruga mwili), famakolojia (elimu ya dawa) na uchunguzi wa mwili, yote ya ngazi ya juu. La mwisho ndilo hukwama mara nyingi, maana NP wa familia humtibu mtoto mchanga hadi mzee, na somo lako lazima lionyeshe rika zote hizo. Tunza muhtasari kamili wa kila somo, kwa sababu orodha ya alama peke yake haimwonyeshi mkaguzi ulichofundishwa. Saa za vitendo za NP utazifanya upya. Viwango vya taifa vya 2022 vilizipandisha kutoka 500 hadi 750.

SWALI: Mimi tayari ni NP. Je, kazi yangu ya kliniki itahesabiwa nikiomba CRNA?

JIBU: Kliniki ya kawaida haihesabiwi kama uzoefu wa ICU. Kinachotazamwa ni mgonjwa mahututi uliyemhudumia kwa mikono yako. Njia ya uhakika ni kurudi ICU kama RN, hata ikimaanisha kipato kupungua. Kabla hujaacha kazi, uliza kila chuo kwa maandishi kama kinapokea ICU ya watoto wachanga au idara ya dharura. Vyuo vinatofautiana sana hapo.

SWALI: Vyeti viwili vinamfaa nani hasa?

JIBU: Anayetaka kliniki ya maumivu sugu, au kuwaandaa wagonjwa wa kisukari na presha kabla ya upasuaji na kuwafuatilia baadaye. Kama lengo lako ni chumba cha upasuaji tu, CRNA inatosha, na tunakushauri kwa dhati usibebe deni la pili la ada. Ukivitumia vyote, bima ya makosa ya kitabibu itaje kazi zote mbili, na usome sheria ya jimbo lako: baadhi ya majimbo humtaka NP awe na mkataba na daktari, mengine humwacha afanye kazi peke yake.