Jibu: Elektroni za utando mwembamba hupimwaje?

Mdogo wangu wa Nyegezi, umeuliza elektroni hupimwaje kwenye utando wenye unene wa atomu chache tu. Unamulikwa kwa mwanga wa urujuanimno ndani ya ombwe, elektroni zinachomoka, kisha kifaa kinasoma nishati na pembe ya kila inayotoka. Shika hapo kwenye pembe: ndiyo inayofichua elektroni ilikuwa inaelekea wapi ilipokuwa ndani.

Ila doa la mwanga ni pana mno kuuona ukingo, na ukingo ndio utamu wenyewe, maana kwenye baadhi ya tando katikati huzuia umeme, pembeni hupitisha. Hapo hutumika sindano yenye ncha kali hadi atomu moja, ikipita juu bila kugusa. Utando mmoja wa aina hiyo, wa tungsteni ditelluraidi (kiwanja cha tungsteni na teluri), ulichunguzwa kwa njia zote mbili mwaka 2017.

Rudia kwanza fotoelektriki, yaani mwanga kuchomoa elektroni, ya kidato cha sita. Ukija mjini Mwanza, tuchore michoro yake pamoja.