Kifua kikibana, Skiddaw hupandi (jibu kwa mdau wa Keswick)

Mkuu, hiyo Jumamosi usitoke.

Nimesoma bandiko lako mara mbili. Ulishikwa na homa, homa imetoka, kikohozi kimebaki kifuani, na sasa ukipanda Latrigg, kile kilima kidogo cha hapo Keswick, pumzi inakata mahali ambapo zamani ulikuwa unapita huku unapiga stori. Bado unataka ukafanye mazoezi ya vilima kwa sababu mbio za mlima Skiddaw ni mwezi ujao na umeshalipia. Umeuliza pia viatu gani vinashika kwenye nyasi zenye maji, na asubuhi ya mbio ule nini. Hayo yatasubiri. Kifua kwanza, maana kuna mdau hapo juu amekuandikia "kimbia utoe jasho, mafua yataisha" na watu wamemgongea laiki. Maneno hayohayo ndiyo yaliyonilaza mimi hospitali, na nimeumia kuona yanarudi tena hapa, yanapewa mtu mwingine aliye hatua chache tu kutoka pale nilipokuwa.

Kwa wasiozijua hizi mbio za fell, si marathoni. Ni mbio za kupanda na kushuka milima ya kaskazini mwa Uingereza, Wales na Scotland, njia ni matope, mawe na majani, na sehemu nyingine njia hakuna kabisa. Zile za daraja A zina wastani usiopungua mita 50 za kupanda kwa kila kilometa. Skiddaw yenyewe ina mita 931, na kwa kuwa mji wa Keswick uko bondeni, unapanda zaidi ya mita 800 mfululizo halafu unashuka hukohuko. Hata walio mbele kabisa, penye mwinuko mkali wanatembea, mikono magotini. Ukiwa mzima wa afya moyo unadunda hadi masikioni. Sasa mtu upande pale na kifua kilichojaa makohozi?

Mimi nilikuja Kendal, mji wa hukuhuku kaskazini mwa Uingereza, kufanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, nikajiunga na klabu ya mbio, nikaipenda milima kuliko nilivyotarajia. Majira ya baridi mafua makali yakapita kwenye ile nyumba, wazee wakaugua, na sisi wahudumu tukafuata mmoja baada ya mwingine. Nililala na homa, viungo vyote vikiuma, jasho usiku kucha. Homa ikatoka. Nikajisikia nimepona, ila kikohozi kilikuwa hapa katikati ya kifua, na ngazi za nyumbani zilikuwa zinanisimamisha kupumzika. Hali yako hasa, mkuu.

Nikamuuliza mwalimu wetu wa mazoezi. Sitamtaja, ila maneno yake nayakumbuka yote. Aliniambia mafua hutolewa kwa jasho, na kwamba watu wa Afrika Mashariki tumezaliwa na mapafu ya mlimani, kwa hiyo mimi nisiwe na wasiwasi. Mapafu ya mlimani! Nimezaliwa Tanga, nimekulia mita chache juu ya maji ya bahari, mlima wa kwanza kuupanda kwa miguu yangu nimeupandia hukuhuku Uingereza. Wakenya anaowaona kwenye televisheni wamekulia na kufanya mazoezi miaka na miaka kwenye nyanda za juu, Iten ipo karibu mita 2,400, na hata huko Iten mtu akiugua kifua analala kitandani kama mtu mwingine yeyote. Yule bwana hakuniuliza kama homa ilipanda kiasi gani, hakuniuliza rangi ya makohozi, hakuniuliza kama nimemwona daktari. Alitazama ngozi yangu akanipa ruhusa. Hasira yangu juu ya hilo haijaisha na siioni ikiisha.

Basi nikaenda mazoezini, na baada ya hapo nikaenda kwenye mbio. Baridi, upepo, mvua inayopiga kwa ubavu. Nusu ya kupanda nikaanza kusikia mlio ndani ya kifua kila nikivuta hewa. Pale kwenye kituo mwangalizi aliniuliza namba yangu. Namba ilikuwa na tarakimu tatu. Nikasema ya kwanza, nikavuta pumzi, nikasema ya pili, nikavuta pumzi, ya tatu ikabidi aisome mwenyewe kifuani pangu. Watu wakanipita wakiniambia "vizuri, endelea hivyohivyo", kama ilivyo desturi ya huku, na mimi nikaendelea. Kileleni upepo ukaligeuza jasho lote kuwa barafu mwilini. Nikatoa koti la mvua kwenye begi, vidole vikashindwa kufunga zipu. Dada mmoja nisiyemjua alisimama, mbio zake akaziacha, akanifungia lile koti hadi shingoni na akashuka nami taratibu mpaka chini. Mungu ambariki.

Hapa ndipo nataka usome polepole. Kwenye hema la huduma ya kwanza wakanibana kidole na kile kifaa cha kupima oksijeni. Kikaonyesha asilimia 95. Wakasema uko sawa, kunywa chai, nenda nyumbani ukapumzike. Nikaenda. Usiku wa kesho yake kichomi kikanishika upande wa kulia, kila pumzi inachoma, makohozi yakawa na rangi ya kutu, homa ikarudi na kutetemeka meno yagongane. Hospitali wakabana kidole tena, kikatoa namba ya kuridhisha tena. Bahati yangu daktari aliyekuwa zamu hakuridhika, akachukua damu kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, na damu ikasema oksijeni iko chini kuliko kilivyosema kidole. Picha ya eksirei ikaonyesha nimonia, sehemu ya chini ya pafu la kulia.

Baadaye muuguzi wa wodi ya kifua akanieleza kwamba vile vifaa vya kidoleni vinaweza kutoa namba ya juu kuliko hali halisi kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Jambo hili linajulikana, limepimwa, idara ya afya ya hapa yenyewe imelitolea tahadhari. Lakini nani alikuwa ameniambia mimi? Nani amekuambia wewe? Kwa hiyo kama umenunua kile kifaa mtandaoni na kinakupa 96, usikitumie kama ruhusa ya kwenda Skiddaw. Angalia namba inavyoshuka kutoka ile ya kawaida yako, na zaidi ya namba sikiliza mwili. Na kwa sisi weusi, mtu akikosa hewa usitafute ubuluu mashavuni, hutauona. Tazama ulimi, ufizi, ndani ya midomo, viganja na kucha.

Nilimuuliza daktari kama kukimbia ndiko kulikoniletea nimonia. Alinijibu kwamba wadudu hawaletwi na kukimbia, na kwamba mafua makali peke yake yanaweza kuwafungulia mlango. Ila mwili wangu ulikuwa unahitaji kila nguvu uliyokuwa nayo kupigana, na mimi nikazimwaga mlimani, kwenye baridi, nikiwa nimelowa. Tena akaniambia kitu kilichonitisha kuliko nimonia yenyewe: virusi vya mafua vikishika misuli ya moyo ikavimba, mazoezi makali wakati huo yanaweza kuvuruga mapigo, na mtu anaanguka akiwa anakimbia. Vijana wazima kabisa. Ndiyo maana kuna ile kanuni ya shingo, na ndiyo pekee ninayotaka uondoke nayo hapa:

Dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani pua inatiririka, kupiga chafya, koo linawasha kidogo na homa huna, unaweza kutoka kwa mwendo wa taratibu. Dalili zikishuka chini ya shingo, yaani kifua, kikohozi cha ndani, viungo kuuma, homa, tumbo, hukimbii. Hukimbii polepole, hukimbii kwenye tambarare, hukimbii "kujaribu tu". Chini ya shingo, hukimbii.

Wewe kifua kinabana na pumzi inakata. Uko chini ya shingo, mkuu.

Najua watakuambia nini klabuni, maana niliambiwa. Watakutajia Joss Naylor, yule mchungaji wa kondoo wa Wasdale aliyepita vilele 72 ndani ya saa 24 mwaka 1975, na mgongo wake mbovu uliokwisha kupasuliwa. Nilimheshimu mzee yule na nilihuzunika alipofariki 2024. Lakini mgongo si mapafu. Maumivu ya mgongo unaweza kuyavumilia, ukosefu wa hewa haukuombi uuvumilie.

Gharama yake nikueleze. Mbio nilizolipia zilikwenda, hizo ni hela ndogo. Kazi nilikuwa nimeajiriwa kupitia wakala, zamu hufanyi hulipwi, na nyumbani wanasubiri ada ya shule ya wadogo zangu. Mama alikuwa akipiga simu nampokea kwa sauti ya kunong'ona namwambia niko kazini, kwa sababu nikiongea kwa sauti ya kawaida nakohoa na atajua. Hospitali walinipa ratiba ya kupona, nayo ilikuwa ya kweli: baada ya wiki moja homa iwe imekwisha, wiki ya nne kifua kiume kidogo na makohozi yapungue, wiki ya sita kikohozi na kukatika pumzi kupungue sana, miezi mitatu dalili nyingi ziwe zimekwisha ila uchovu unaweza kubaki, miezi sita watu wengi wamerudi hali yao. Miezi sita! Kwa ajili ya mbio moja. Msimu mzima wa milima uliniponyoka nikiutazama dirishani.

Sasa kuna jambo lingine lipo hukohuko kwenye pumzi. Usijipe jibu kwamba ni mafua yaliyobaki tu. Kukatika pumzi kuna sababu nyingi na kila moja ina dawa yake. Waambie wakupime damu pamoja na feritini, maana madini ya chuma yakipungua unachoka kwenye kupanda kuliko kwingine kote, na dada zetu hili linawapata sana. Pumu inaweza kuanza ukubwani, na hewa ya baridi na kavu inaibana mirija. Kama kifua kinapiga filimbi usiku au dakika chache baada ya kusimama, mwambie daktari hivyohivyo. Kama umerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, wajulishe kabla ya mazoezi makali yoyote. Kama ulikwenda nyumbani karibuni, sema wazi umetoka wapi, kwa sababu daktari wa huku asipoambiwa safari hataifikiria malaria. Kikohozi kikivuka wiki tatu, wakipime kama kifua kikuu, na usione aibu, sote tumetoka kwenye nchi zenye ugonjwa huo. Na kama mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu huku pumzi inakata ghafla, hapo huenda ni damu iliyoganda mguuni ikaenda mapafuni, usisubiri miadi.

Kurudi unarudi hivi. Kwanza ngazi za nyumbani zipande bila kusimama. Kisha tembea tambarare, uamke kesho yake ukiwa sawa, mapigo ya moyo ya asubuhi kabla hujatoka kitandani yakiwa ya kawaida yako. Kisha kilima kidogo kwa kutembea, huku unaongea na mtu. Ukiweza kumaliza sentensi ndefu bila kuikata katikati, umepata ruhusa ya kujaribu kukimbia siku nyingine. Sentensi ikikatika, geuka urudi nyumbani. Mimi nilitumia sura ya Yasin, nikiisoma kwa sauti kwenye njia ya bustani ya mapumziko iliyo karibu na kwangu, na nilipoanza kuunganisha aya bila kuchota hewa ovyo nilijua mapafu yanarudi. Wewe tumia unachokijua kwa moyo.

Hela ya mbio waandikie waandaaji mapema, wengine wanakubali kuahirisha au kumpa mtu mwingine nafasi, kwa utaratibu wao, si kwa kupeana namba kienyeji. Na kama siku moja utaanza mbio halafu ukaona kifua kinagoma, acha, shuka, na uripoti kwenye kituo cha kumalizia. Usiende moja kwa moja kwenye gari. Usiporipoti wanahesabu uko mlimani, na waokoaji wa huku ni watu wa kujitolea, wanaacha chakula mezani kukutafuta gizani.

Kesho saa mbili asubuhi simu za GP, yaani daktari wa mtaa wako, zinafunguliwa. Piga mapema, foleni inajaa upesi. Usiseme "nina mafua". Sema: nilikuwa na homa, imetoka, sasa pumzi inakata nikipanda ngazi na zamani haikuwa hivyo. Wakisema hakuna nafasi, piga 111, namba ya ushauri wa afya ya huku. Usiku ukishindwa kumaliza sentensi ukiwa umekaa, au kifua kikichoma kila ukivuta hewa, au ulimi ukibadilika rangi, piga 999, namba ya dharura, na usifikirie utasumbua watu.

Ukishapimwa rudi kwenye uzi huu utuambie wamesema nini, nitakuwa nasubiri. Na wewe uliyeandika habari za jasho, naomba ulifute lile bandiko leo, kuna mwingine atakayelisoma usiku akiwa anakohoa.