Kutoka Masasi si sifa ya kupata programu ya Marekani

SWALI: Shikamoo daktari. Nimemaliza shahada ya sayansi ya maabara, niko nyumbani Masasi, na ninataka kuwa mtafiti wa saratani. Kuna wakala anasema Marekani wana mafunzo ya utafiti kwa wahitimu wa makundi yenye uwakilishi mdogo, na mimi kama binti wa kusini nina sifa. Anataka laki nne za fomu. Baba yuko tayari kutoa hela ya korosho. Nilipe?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usilipe.

Programu za aina hiyo zimekuwepo kweli, ndiyo maana watu wananasa. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, NCI, ilianzisha mpango wa CURE wa kulea vijana tangu wakiwa shuleni hadi wawe watafiti. Lakini uwakilishi mdogo unaozungumzwa huko ni wa Wamarekani ndani ya Marekani, na sharti ni uraia au ukaazi wa kudumu. Tena mwaka 2025 programu kadhaa za aina hiyo zilifutiwa ufadhili. Hata wenyewe wanahangaika.

Kinachoniumiza ni imani kwamba umbali wa kwenu na shida za kwenu ndizo cheti. Ninaletewa barua za maombi, kurasa mbili nzima za umaskini, saratani haimo hata sentensi moja! Anayezisoma anatafuta swali la utafiti. Na maswali yamejaa huku kwetu. Nimewahi kufungua rejista ya vinyama vilivyokatwa kupimwa saratani, hospitali moja ya kusini. Safu ya umri: "mtu mzima", "mtu mzima", "mtu mzima", hadi chini ya ukurasa. Safu ya kijiji, tupu. Sasa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, tutajuaje inawapata mama zetu wa Masasi na Newala wakiwa na miaka mingapi? Wewe ni mtu wa maabara; hapo ndipo pa kuanzia. Tafuta msimamizi MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, au Ocean Road, taasisi ya saratani, andikeni pendekezo, ombeni kibali cha maadili NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Fedha za mafunzo za kituo cha Fogarty cha Marekani hupitia vyuo, na vyuo ndivyo huchagua wanafunzi. IARC ya Lyon, Ufaransa, shirika la utafiti wa saratani la WHO, nayo ina kozi za kiangazi zinazolenga watafiti wa nchi kama yetu.

Mawakala hawa wana ndugu zao: wanaouza barua za mapendekezo, na majarida yanayochapisha makala ndani ya siku chache ukishalipa. Kijana mmoja alikuja kwangu na makala tatu zenye jina lake. Nikamwomba anieleze jedwali la kwanza tu. Akainama. Jina lake limeshachapishwa pale, na hawezi kulifuta.

Chuo cha serikali kikidai ada ya fomu, kitakupa kontroo namba, namba ya malipo ya serikali. Huyo wakala wako amekupa namba yake ya simu.