Kabla hujafungua galoni ya oili

Wewe unayeanza kazi ya gereji, na wewe uliyenunua gari la kwanza ukaamua kulifanyia sevisi kwa mikono yako, lipo swali utakalolisikia kuliko yote: oili gani ni nzuri? Ukiulizwa, usikimbilie kutaja jina la kampuni. Uliza kwanza ni injini gani. Hakuna oili iliyo nzuri hivi hivi. Kuna oili inayoifaa injini hii na isiyoifaa ile iliyoegeshwa pembeni yake, hata kama magari yote mawili ni ya modeli moja.

Jibu limeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kitabu kikiwa kimepotea, tazama mfuniko wa kujazia oili, maana mara nyingi uzito, yaani jinsi oili ilivyo nzito au nyepesi kutiririka, umechapwa pale juu. Kisha kitafute kitabu chenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa modeli, mwaka na aina ya injini. Usiache hilo la aina ya injini. Modeli moja inaweza kutoka na injini ya petroli na ya dizeli, yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na isiyo na turbo, na kila moja ikataka oili yake. Nimeona mafundi wa siku nyingi wakiruka hatua hii ya dakika chache na kwenda kwa mazoea, na mazoea hayo huwa sawa mpaka siku injini ngeni inapoingia gereji.

Tuanze na uzito, yaani zile namba kama 5W-30. Namba ya kwanza pamoja na herufi W inaeleza oili inavyojimudu kwenye baridi. Oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri kuona kama injini itazunguka, na kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri kuona kama pampu itaivuta. Namba ya pili ni uzito wake ikishapata moto wa kazi. Kwenye nyuzi 100, oili ya 30 lazima ianzie sentistoki 9.3 na isifike 12.5 (sentistoki ndicho kipimo cha uzito huo; zikiwa nyingi, oili ni nzito zaidi). Ile ya 40 inaanzia 12.5 na isifike 16.3. Vipimo hivi viliwekwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzia Marekani, na ndivyo utakavyovikuta kwenye galoni popote duniani.

Wageni wengi hupotea hapa. Wanadhani 5W-30 ni nyepesi ikiwa baridi, halafu inakuwa nzito ikipata moto. Sivyo. Oili yoyote hulainika inapopata moto. Hiyo hiyo 5W-30 ikiwa kwenye nyuzi 40 huwa na sentistoki kama 60 hivi, na ikifika nyuzi 100 hubaki na 10 au 11. Maana yake ni kwamba unapowasha injini iliyolala, hata kama hali ya hewa ni ya joto, oili iliyomo ni nzito mara kadhaa kuliko inavyotakiwa, na inachukua muda kufika juu kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu. Kwa hiyo namba ndogo ya mwanzo ina faida hata mahali pasipojua barafu.

Sasa lile jambo la "gari limezeeka, liwekee nzito". Utalisikia kila siku, na si uongo wote. Vitabu vingi vina jedwali linaloruhusu uzito zaidi ya mmoja kulingana na joto la mahali au mizigo gari inayobeba. Injini iliyotembea sana na inayokula oili kidogo unaweza kuipandisha hatua moja, ilimradi bado umo ndani ya jedwali. Ukitoka nje ya jedwali, unacheza na vitu usivyoviona. Injini za siku hizi hutumia oili kwa kazi zaidi ya kulainisha. Presha yake ndiyo inayosukuma tapeti za oili (vipande vinavyosukuma valvu), inayokaza taimingi cheni (cheni inayozungusha kamshafti), na inayogeuza kamshafti kwenye zile injini zinazobadilisha muda wa kufungua valvu. Njia zake ni nyembamba na zimepimwa kwa uzito fulani. Ukiweka oili nzito kupita kiasi, vifaa hivyo huchelewa kujibu, taa ya injini inawaka, na mtu anaanza kubadilisha sensa zisizo na kosa lolote.

Kuna ubaya mwingine ambao naomba uushike vizuri. Beringi ya kranki, yaani ya mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ikianza kulika, oili nzito hupunguza mlio. Mwenye gari anaondoka amefurahi, nawe unadhani umetibu. Beringi inaendelea kulika kimya kimya mpaka siku inapokamata barabarani. Injini ikigonga, pima kwanza presha ya oili kwa geji, ndipo uzungumze habari ya uzito.

Upande wa pili nao una hatari zake. Oili ya 0W-20 imetengenezewa injini zilizosanifiwa kwa uzito huo ili kupunguza matumizi ya mafuta. Ukiitia kwenye injini inayotaka 40, utando unaotenganisha chuma na chuma unakuwa mwembamba mno injini inapobeba mzigo mzito.

Uzito peke yake hautoshi. Galoni mbili za 5W-30 zinaweza kuwa mbali kabisa kwa ubora, na tofauti hiyo utaisoma kwenye herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani. Herufi S mwanzoni ni ya injini za petroli, C kwa kawaida ni ya dizeli. Inayofuata inaonyesha kizazi. SN ilitoka mwaka 2010, SP ikaja mwaka 2020. Kwa petroli, kizazi kipya kwa kawaida kinaweza kuchukua nafasi ya cha zamani, kwa hiyo kitabu kikisema SN ukaweka SP yenye uzito ule ule, uko salama. Kinyume chake usifanye. SP ililetwa kwa sababu maalumu: injini ndogo za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zilikuwa zinapata mlipuko wa mapema zikiwa kwenye mwendo mdogo na mzigo mkubwa, na mlipuko huo unaweza kupasua pistoni. Kiwango hicho kilibana pia ulikaji wa taimingi cheni. Gari lenye injini ya namna hiyo halifai kuwekewa oili ya kizazi cha nyuma eti kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye rafu.

Kwa dizeli, usiende kwa mpangilio wa alfabeti. CK-4 na FA-4 zilitoka pamoja mwishoni mwa mwaka 2016, lakini FA-4 ni nyepesi kwa makusudi na haichukui nafasi ya CK-4 mpaka mtengenezaji wa injini aseme. Dizeli zenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi zinahitaji oili yenye majivu machache. Majivu hayo hayaungui. Yanabaki ndani ya kichujio na kukiziba taratibu, na kichujio kimoja ni ghali kuliko oili utakayoitumia kwa miaka. Kwa magari ya Ulaya utakuta viwango vya ACEA, chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya, kama C3, vilivyowekwa kwa ajili ya mifumo hiyo ya moshi.

Baadhi ya watengenezaji wana vibali vyao wenyewe juu ya hayo yote. Volkswagen wana 504 00 na 507 00, Mercedes-Benz wana 229.5, General Motors wana dexos. Kitabu kikitaja kibali, tafuta namba hiyo hiyo nyuma ya galoni, na usome maneno yaliyo karibu nayo. "Imeidhinishwa" maana yake mtengenezaji wa gari ameipima au amepokea vipimo vyake na kuikubali. "Inafaa kwa" au "inakidhi" ni ahadi ya muuza oili peke yake. Inaweza kuwa ahadi ya kweli, ila haina nguvu sawa na idhini.

Kuhusu sinthetiki na mineroli sitakaa sana. Sinthetiki huvumilia joto zaidi, hukawia kuharibika, na hutiririka vizuri zaidi ikiwa baridi. Kama kitabu kinaitaka, weka. Kama hakiitaki, oili ya kawaida yenye uzito na daraja sahihi (zile herufi za kiwango), ikibadilishwa kwa wakati, inaifikisha injini mbali. Ningependa uitie fedha hiyo kwenye filta bora.

Filta naipigania, kwa sababu watu huchagua oili kwa nusu saa na filta kwa sekunde moja. Kwa nje zote ni makopo ya rangi. Utofauti uko ndani. Kuna karatasi ya kuchuja, iliyokunjwa mikunjo mingi. Kuna valvu ya pembeni, inayofunguka karatasi ikiziba au oili ikiwa nzito mno, ili injini ipate oili chafu badala ya kukosa kabisa. Na kwenye filta nyingi kuna raba inayozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Injini nyingine zimejengewa valvu hizo kwenye bloku, yaani kiwiliwili cha injini, kwa hiyo filta yake haina. Ndiyo sababu filta mbili zenye mdomo sawa na uzi sawa zinaweza kuwa si mbadala wa kila moja. Kuingia na kukaza si ushahidi. Fuata namba ya kipuri.

Gari moja lililetwa kwetu likigonga kila asubuhi kwa sekunde mbili tatu, kisha kimya. Mwenye gari alikuwa ameshashauriwa apandishe uzito wa oili, akapandisha, na mlio ukabaki pale pale. Taa ya oili nayo ilikuwa inachelewa kuzimika. Filta ya injini ile imefungwa kwa kulala, na tulipoitoa ilikuwa karibu tupu. Tuliikata. Ile raba ya kuzuia oili ilikuwa imekauka, ngumu kama ukucha, na ukingo wake hauligusi tena bati. Usiku kucha oili ilikuwa inashuka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na kila asubuhi pampu ilianza kwa kujaza kopo tupu huku kamshafti na cheni zikisubiri. Tuliweka filta yenye raba ya silikoni, inayovumilia joto kuliko ile ya kawaida, tukarudisha uzito wa kwenye kitabu. Mlio uliisha.

Jifunze kuikata filta ya zamani kwenye sevisi, hasa ya injini usiyoijua. Tumia kikatio chake cha mviringo, si msumeno wala grainda, maana vyuma vya msumeno vitaingia ndani na kukudanganya. Kata kipande cha karatasi, kikamue, kitandaze juani. Vumbi laini la kijivu ni jambo la kawaida. Vipande vinavyong'aa unavyoviona kwa macho si kawaida. Pitisha sumaku: vikiruka ni chuma, labda cha cheni au kamshafti. Visiporuka na vina rangi ya fedha au shaba, fikiria beringi. Hakuna kifaa cha kompyuta kitakachokwambia hayo mapema kiasi hicho.

Wakati wa kufunga, makosa ni yale yale. Raba ya filta ya zamani hubaki imeganda kwenye bloku. Ukifunga mpya juu yake, oili yote inaweza kumwagika ndani ya dakika chache injini ikiwaka. Pitisha kidole kwenye uso wa bloku kila mara, hata ukiwa na haraka. Paka oili mpya kwenye raba ya filta, izungushe kwa mkono mpaka iguse, halafu kaza kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, mara nyingi robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia. Zile za karatasi tupu zinazokaa ndani ya kikombe cha plastiki zina oringi yake, yaani raba ya mviringo: ibadilishe, iweke kwenye mfereji wake halisi, na ukaze kwa nguvu iliyochapwa kwenye kikombe. Bolti ya sampu nayo ipe washa mpya, ile pete inayozuia mvujo.

Ujazo kitabu hukupa kwa namba mbili, pamoja na filta na bila filta. Chukua ya kwanza, tia pungufu kidogo, washa injini, hakikisha taa ya oili imezimika, chungulia chini kama kuna mvujo, zima, subiri dakika kadhaa gari likiwa mahali pasipoinama wala kuinuka, yaani sakafu tambarare, ndipo upime kwa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) na kuongeza. Kwenye magari mengi, alama ya chini na ya juu zimeachana kwa kama lita moja. Usivuke alama ya juu. Oili ikizidi sana, kranki inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halibebi mzigo.

Rangi isikutishe. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema sana kwa sababu inabeba masizi, na kuyabeba ndiyo kazi yake. Kinachotakiwa kukushtua ni oili iliyogeuka rangi ya maziwa, kwani maji yameingia, au kiwango kinachopanda chenyewe huku dipstiki ikinuka petroli. Na kama gari linatembea safari fupi fupi, kwenye vumbi, au linakaa foleni muda mrefu, fuata ratiba ya matumizi magumu iliyomo kwenye kitabu, ambayo wengi hawaisomi kwa kuamini kwamba wao si miongoni mwa hao.

Ukimaliza, andika tarehe, kilomita, uzito na daraja la oili, na namba ya filta. Iache filta ya zamani ichuruzike mpaka ikauke, kisha ipeleke pamoja na oili chafu, ndani ya chombo chenye mfuniko, kwa wanaokusanya. Kesho yake asubuhi, kabla gari halijawashwa, pima tena na utazame chini pale lilipolala.